Mashine Iliyofukizwa Udi

Mwanasaumu hakuwahi kumkataza mumewe jambo kwa maneno. Alikuwa na njia zake. Faki alipojitia kufuga njiwa juu ya paa, hakunena lolote. Alianza tu kumwekea paka wa jirani vichwa vya samaki kando ya ngazi, na haukupita muda njiwa wakahama wenyewe. Faki alipoanza kuvuta sigara, mkewe aliisifu harufu yake mbele ya kila mgeni aliyeingia, mpaka mvutaji akaona haya. "Mke wangu ni mpole," Faki aliwaambia wenzake msikitini, na wenzake, ambao wake zao walimjua Mwanasaumu vizuri, waliitikia kwa kukohoa.

Mtaani Shika Adabu watu walimjua kwa mafuta ya nazi. Alikuna nazi mwenyewe, akakamua tui, akalichemsha uani hadi maji yakauke na mafuta yabaki, kisha akatia asumini na kuyauza kwa chupa. Nywele nyingi za Likoni ziling'aa kwa kazi ya mikono yake. Lakini fahari yake haikuwa mafuta, ilikuwa sebule. Makochi yake yalivaa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, zulia lake halikujua kiatu, na ndani ya kabati la vioo mlikuwa na vikombe ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa.

Ndani ya sebule hiyo, mwaka wa tisini na tano, katika joto la kaskazi, Faki aliingiza mashine.

Tuseme kweli, kosa la kwanza lilikuwa la Mwanasaumu. Faki alikuwa fundi umeme wa winchi bandarini, upande wa Kipevu, na kazi zilipopunguzwa alirudi nyumbani na sanduku la zana, akalala juu ya mkeka, uso ukutani. Hakuwa mgonjwa. Akiitwa kula, alikula. Akiulizwa kitu, alijibu, "Sawa." Mwanasaumu alikuwa ameolewa na mwanamume mbishi, aliyebishana na redio, na muuza samaki, hata na imamu kuhusu mwandamo wa mwezi. Sasa ubishi ulikuwa umekatika, na nyumba ikawa kama ya matanga yasiyokuwa na maiti. Basi siku Faki alipoinuka ghafla akauliza kama vile vyuma vya kitanda cha zamani bado vipo, mkewe alimletea kabla hajamaliza kuuliza. Angempa hata vya kitanda kipya.

"Nataka kuunda mashine ya kuchonga mbao," Faki alisema. "Inachonga yenyewe. Wewe unaipa hesabu tu, inakwenda."

"Yenyewe? Bila mtu kuisukuma?"

"Yenyewe."

"Na ya kufua, huiundi?"

Faki alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aiache bandari, na Mwanasaumu akafanya kosa la pili: alisema iletwe tu.

Vitu viliingia kimoja kimoja kama wageni wa harusi wanaojifanya wamepita tu. Mpangaji wao, Wafula, dereva wa lori aliyetoka Bungoma, alikuwa na marafiki katika kila yadi ya chuma chakavu Changamwe. Aliwaletea mota zilizong'olewa kwenye mitambo mikubwa ya kuchapia iliyokufa maofisini, na kompyuta nzee yenye maandishi ya kijani ambayo ofisi moja ilikuwa karibu kuitupa. Faki aliunda meza ya mvule na vyuma vya kitanda. Juu yake akalaza vyuma vya kutelezea, na kando ya vyuma hivyo, vyuma virefu vyenye hesi, kama parafujo zilizokataa kukoma. Mota ikizungusha hesi, nati iliyovishwa juu yake inasogea, na nati ikisogea inavuta kila kilichofungwa kwake. Mota moja ilikuwa ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, na ya tatu ilishusha na kupandisha rauta, ile mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi na kula mbao. Kompyuta ndiyo iliyotoa amri: hatua kadhaa kulia, hatua kadhaa mbele, shuka, panda. Faki aliziandika amri hizo kwa kidole kimoja, ulimi nje.

"Si ingekaa uani?" Mwanasaumu aliuliza, makochi yakisukumwa ukutani.

"Uani kuna mvua na kuku. Kompyuta haipendi unyevu. Ni kwa muda tu, Mama Dhahabu."

Mwanasaumu alijua mama mkwe mmoja aliyekuja kwa muda tu na akazikwa palepale.

Duara la kwanza ambalo mashine ilichonga lilitoka kama yai la kanga. La pili lilitoka kama yai lililoangushwa. Faki alikwenda huku na huku akipima meza pembe kwa pembe kwa uzi, akagundua kuwa haikuwa mraba, akaifungua yote na kuifunga upya. Bado yai.

"Nati inacheza," alimweleza mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio. "Hesi ikigeuka kurudi, huzunguka kidogo bure kabla ya kuishika nati. Huo uzembe mdogo ndio unaolipinda duara."

"Nimefahamu. Kama wewe ukitumwa dukani."

Dawa ya uzembe, Faki alisema, ni kufunga nati mbili badala ya moja na kuweka springi katikati ili zisukumane, hesi isipate nafasi ya kucheza. Springi alizipata. Mwanasaumu alikuja kujua alizipata wapi jioni alipokaa kwenye kochi kubwa na kuzama mpaka magoti yakafika kidevuni.

Kisha kulikuwa na kelele. Hesi zilipokauka zililia kama bata aliyekanyagwa. Faki alizipaka girisi nzito ya bandarini, unga wa mbao ukaganda juu yake na mashine ikakwama kama mwiko katika ugali wa jana. Siku moja mwezi wa tatu, Mwanasaumu akiwa uani, kelele zilikatika ghafla. Aliingia akakuta mashine inateleza kama mtu anayetembea kwa soksi.

"Umeipaka nini?"

"Siri ya fundi," alisema Faki, akajikuna pua.

Mwanasaumu alisikia harufu ya asumini, lakini yeye harufu hiyo aliisikia kila mahali alipokwenda. Ilikuwa kichwani mwake. Siku ile duara lilitoka duara. Faki alikiinua kibao juu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, na jioni hiyo alibishana na redio kuhusu matokeo ya mpira, akabishana na Wafula kuhusu njia fupi ya kwenda Mariakani, akabishana na mkewe kuhusu chumvi. Mwanasaumu alimjibu kwa ukali wote alioweza, na alilala akitabasamu gizani.

Hapo ndipo Nguma alipoingia.

Nguma alikuwa mchonga milango na vitanda kwa mkono, na alikuwa mtoto wa mjomba wake Faki. Kwa watu wa huko binamu wa namna hiyo ni watani, na utani si mzaha wa kuanza na kuacha, ni haki. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kutwaa jogoo wako na kwenda zake, na wewe ukikasirika ndiwe mwenye kosa. Nguma na Faki walikuwa wameitumia haki hiyo tangu wakiwa watoto bila ya kupumzika.

"Yakhe, hiki ni nini?" Nguma alisema siku ya kwanza, akiizunguka mashine mikono nyuma. "Mtego wa panya? Panya gani huyo, Faki, mnafuga ndani ya nyumba?"

"Ni fundi. Na hatafuni ugoro akiwa kazini."

"Basi nitamwoza binti yangu."

Posa ya Dhahabu, binti wa Faki na Mwanasaumu, ilikuwa imekwisha kupokewa, na harusi iliwekwa mwezi wa nane. Faki alitangaza nje ya msikiti kwamba bintiye atalalia kitanda chenye ubao wa mchago, ule wa kichwani, uliochongwa na mashine. Nguma, ambaye alikuwa amechonga mchago wa kila bibi arusi wa ukoo ule, aliweka kofia yake sawa.

"Mwanangu Dhahabu alalie kitanda kilichochongwa na redio? Sikiza, mtani. Niwekee ubao mtupu mbele ya watu. Mashine yako ikichonga waridi nikaliona waridi, nitajifunga leso siku ya kupika harusi, nitakaa juu ya mbuzi na kukuna nazi mbele ya wanawake. Isipochonga, naichukua. Ni haki yangu. Nina kuku hawana pa kulala."

"Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao," Faki alisema. "Baada ya adhuhuri."

Watu walishangilia. Mwanasaumu alipoletewa habari alitazama sebule yake, yaani alitazama mashine, kwa kuwa sebule haikuonekana tena. Shangazi zake wa Msambweni wangekaa wapi siku ya harusi? Kwenye rauta?

Kusi lilianza kuvuma kwa nguvu. Mvua zilinyesha, asubuhi zikawa na baridi ya kutafutia shuka, na mashine ikaugua. Asubuhi mota zilinguruma na kutetemeka bila kusogea, zikaruka hatua. Waridi likatoka na majani yote upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya. Mchana, jua likitoka, mashine ilipona. Kesho yake asubuhi, tena. Faki alikagua waya, akabadilisha vidude vya umeme, akalaumu friji ya jirani, akalaumu hesabu zake mwenyewe. Mwanarehema, jirani mwenye friji, alisema kitu kinachougua asubuhi na kupona adhuhuri hakina ugonjwa, kina jini. Maneno yalivuka uwanja, yakafika kwa Nguma, na Nguma akacheka mpaka akaweka patasi chini.

Mwanasaumu aliujua ugonjwa huo kabla ya wiki kwisha. Alikuwa uani akipanga chupa zake juani, kama afanyavyo kila msimu wa kusi, kwa sababu mafuta ya nazi yakipata baridi huganda yakawa meupe kama samli, na wateja wakadai wameuziwa mafuta ya kupikia. Alipozipanga aliona chupa moja haipo. Alisimama. Akakumbuka mwezi wa tatu, na pua iliyokunwa. Aliingia sebuleni, akapitisha kidole kwenye hesi, na kidole kikatoka na utando mweupe wenye harufu ya asumini.

Alikaa kwenye kochi, akazama, na humo shimoni akacheka ndani ya leso hadi machozi yakamtoka. Fundi wa winchi za Kipevu! Alikuwa ameipaka mashine mafuta ya nywele wakati wa joto, mafuta yakiwa mepesi kama maji, na sasa yalikuwa yameganda kwenye kila mfereji wa hesi, na mota zake ndogo hazikuwa na nguvu ya kuyasukuma.

Neno moja lingetosha. Lakini alipoinuka kutoka shimoni aliitazama tena meza ile, waya zile, unga wa mbao juu ya kabati la vioo, akanyamaza. Kwani yeye ndiye aliyemwambia Nguma aichukue? Jumapili itakuja, mashine itaondoka kwa haki ya utani, hakuna atakayekasirika, na zulia litafuliwa. Hakuwa amemkataza mtu jambo lolote. Alikuwa tu hajasema.

Alilala na siri hiyo vizuri kabisa mpaka Jumamosi. Asubuhi hiyo mashine iliruka hatua katikati ya ubao mzuri wa mvule, kisu kikapasua waridi toka mwanzo hadi mwisho. Faki aliizima. Hakulaumu friji. Alikwenda chumbani, akatandika mkeka, akalala uso ukutani.

"Chai inapoa, Baba Dhahabu."

"Sawa."

"Nimeitia chumvi badala ya sukari."

"Sawa."

Mwanasaumu alisimama mlangoni na kikombe. Alijua kuishi na mashine. Ilikuwa inamtesa, lakini alijua. Kuishi na neno lile hakujua. Aliamua palepale: atamwambia, lakini si bure. Kesho baada ya chai atamtajia ugonjwa, naye kwanza ataapa kwamba mashine itahamia uani, tena katika banda lenye paa atakalolijenga mwenyewe. Kisha watazisugua hesi kwa mafuta ya taa, na ifikapo adhuhuri zitakuwa safi.

Alisahau kwamba Nguma naye alikuwa na masikio.

Jumapili, watu walipotoka sala ya alfajiri, Nguma hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja hadi mlango wa Faki na nusu ya msikiti nyuma yake, na Wafula, aliyekuwa akipiga mswaki uani, akajiunga nao na povu mdomoni.

"Hodi! Mambo mema hufanywa mapema," Nguma aliita. "Mtani, amsha mgonjwa wako!"

"Tulisema baada ya adhuhuri," Faki alisema, akifunga kikoi.

"Adhuhuri nina kazi ya banda la kuku. Au fundi wako anafanya kazi jua likiwa limempendeza?"

Watu walicheka. Kurudi nyuma kulikuwa sawa na kushindwa. Faki aliingia sebuleni na kuwasha kompyuta. Nje upepo ulikuwa baridi. Mwanasaumu, aliyechungulia nyuma ya pazia, hakuhitaji kugusa hesi kujua kuwa zilikuwa nyeupe.

Kusema hapo, mbele ya watu wote? Mashine ikishindwa, Shika Adabu ingecheka mwezi mmoja. Ikijulikana kuwa fundi alipaka mashine mafuta ya nywele ya mkewe, wajukuu wangecheka. Mwanasaumu alirudi jikoni.

"Dhahabu! Jaza chetezo makaa. Yajae, mwanangu, usiogope."

"Abee mama. Udi kiasi gani?"

"Udi ni wa harufu tu. Makaa ndiyo nataka."

Aliingia sebuleni na chetezo kinachotoka moshi, mtandio kichwani, kama mwenye nyumba anayepokea wageni wa heshima. Aliwapitishia wazee wawili, akampitishia Nguma, kisha akaenda kwenye mashine. Akakishika chetezo chini ya hesi ya kwanza, akakisogeza polepole kutoka ncha hadi ncha, akarudi.

"Shemeji," Nguma alisema, "unafukiza bibi arusi?"

"Anayeingia kwangu hufukizwa. Na huyu ndiye mwenye sebule siku hizi. Mimi na wewe ni wageni wake."

"Mama, moshi umezidi hapa ndani," Wafula alisema, akifuta macho. "Hata mimi naona kompyuta inalia."

"Tania, mwanangu, lakini simama kando."

Nguma alianza kushuku. "Huu si udi. Huu ni uganga. Mnafukuza jini lenu mbele yetu!"

"Wewe uliamini kuna jini?" Mwanasaumu aliuliza kwa upole. "Mtu mzima, Nguma?"

Watu wakamcheka Nguma. Mwanasaumu alikuwa amefika hesi ya pili, akipuliza makaa kana kwamba ndiyo adabu yenyewe. Chini ya hesi tone lilijikusanya, likaning'inia, likawa jeupe, likawa angavu, likadondoka kwenye makaa. *Chsss.* Harufu ya asumini iliupasua udi na kujaa chumba kizima.

Faki aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Alivuta pumzi. Alimtazama mkewe, akatazama hesi, akamtazama tena mkewe, na Mwanasaumu akamrudishia uso mtupu wa mtu asiyejua chochote duniani. Masikio ya Faki yakawa mekundu kama ya mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya mtungi wa sukari.

"Mama Dhahabu," alisema taratibu, "hebu pita na huku kwenye mota ya tatu. Huyo naye ni mgeni."

"Kwa hisani yako."

Kisha akabonyeza.

Rauta ilinguruma. Mota zilitetemeka kidogo, Nguma akajinyosha, na mashine ikasogea. Ilikwenda kulia, ikapinda, ikarudi, ikashuka, ikala mvule, na vumbi lake likaruka kwenye vitambaa vya makochi. Mwanasaumu aliifuata na chetezo kila ilikokwenda, Dhahabu akaongeza makaa, na hapakuwa na mtu aliyeuliza tena, kwa kuwa waliokuwa wakitokwa machozi hawakuona vizuri. Moshi ulipopungua palikuwa na waridi ubaoni, jani juu ya jani, mviringo kama sinia.

Nguma aliinama, akapitisha kidole gumba ndani ya kila mfereji. Mchonga mbao hawezi kudanganya kidole chake.

"Halina pumzi," alisema hatimaye. "Mkono wa mtu hukosea kidogo, ndipo ua linapopumua. Lakini ni waridi. Wallahi ni waridi." Kisha akampiga Faki begani. "Leso niazime ya mkeo. Ya kwangu haina maua."

Siku ya kupika harusi alikuja kweli, leso kiunoni na nyingine kichwani, akakaa juu ya mbuzi, na wanawake wakampigia vigelegele vikasikika mpaka Mtongwe. Alikuna gunia la kwanza, akakuna la pili. Hakuambiwa kwamba nazi za harusi zilikuwa lile gunia la kwanza tu. Nyingine zilikuwa za mafuta.

Na Faki? Usiku wa Jumapili ile alikuwa tayari anabishana.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilijua nini?"

"Mama Dhahabu."

"Tangu chupa yangu ilipotembea. Kesho unaanza banda, uani, karibu na kuku. Na springi za kochi langu nazitaka."

"Springi haziwezekani. Duara litaharibika."

"Basi liharibike!"

Walibishana mpaka wote wawili wakalala na njaa ya kubishana zaidi. Banda lilijengwa kabla ya harusi, na shangazi wa Msambweni walikaa sebuleni wakasifu vitambaa. Hesi zilipata mafuta ya cherehani, ambayo hayajali kusi wala kaskazi. Hata hivyo, watu walioagiza vitanda kwa Faki miaka yote iliyofuata walitaka kwanza mashine ifukizwe, la sivyo waliuona ubao una kasoro, na Faki alilazimika kusimama bandani na kuita, "Mama Dhahabu, chetezo!" mara nyingi kabla mkewe hajaamua kusikia.

Springi hazikurudi. Kochi kubwa lilibaki na shimo lake, likafunikwa kitambaa kizuri kuliko vyote, na kila Nguma alipokuja kuwatembelea, Mwanasaumu alimwonyesha kwa mikono miwili. "Karibu, shemeji. Kaa pale. Pale ndipo mahali pa wageni wa heshima."